Gari Lake Lilipokataa Mlima Nyoka

Watu walinionya nilipoolewa: dereva wa njia ya Zambia hakosi mke mwingine huko barabarani. Niliwajibu kwamba wangu anaye kweli, tena namfahamu, anakunywa dizeli na analala nje. Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya kwenda Tunduma ikiwa bado changa na reli bado inajengwa, na mume wangu alikuwa akiendesha lori la turbo kutoka Dar es Salaam hadi kwenye migodi ya shaba na kurudi. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Yeye alikuwa Msafwa, kwao ni kwenye miteremko ya juu ya Uyole, mwendo mfupi kabla ya kuingia Mbeya. Tulipanga chumba Mbeya mjini. Hatukuwa na mtoto bado, na chumba chote kilinuka sabuni ya kuoshea grisi.

Malori ya turbo yalikuwa machache wakati ule, na yeye alijivunia lake kama mtu aliyepewa ng'ombe wa maziwa. Mimi nasonga ugali, yeye anaeleza. Moshi wa injini, alisema, badala ya kwenda zake bure, unapitishwa kwanza kwenye kigurudumu kidogo na kukizungusha. Kigurudumu hicho kinazungusha mwenzake, na huyo mwenzake anavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa ya kutosha, dizeli inaungua yote na gari linapanda mlima. Hewa ikipungua, dizeli inabaki mbichi, moshi unatoka mweusi, na gari linalegea hata kama limebeba gunia moja. Nilimsikiliza kwa sababu alijua kueleza, na kwa sababu nilimpenda. Sioni aibu kusema hivyo.

Safari moja nilipanda naye kutoka Iringa kwenda Mbeya. Alikuwa amenunua nyanya na vitunguu pale Ilula, kapu zima, zawadi ya mama yake, na kapu hilo lilikaa miguuni mwangu njia nzima. Tulipoteremka Igawa na kuingia tambarare ya Usangu alinyamaza ghafla katikati ya hadithi.

"Umesikia?" akauliza.

"Nisikie nini? Nasikia kelele."

"Mluzi wa turbo umepungua. Nyie Wahehe masikio yenu yako kwenye ugomvi tu."

Alisimamisha gari mbele kidogo ya Chimala. Hakukimbilia kufungua chochote. Alikuwa na utaratibu wake: anaanza pale hewa inapoingilia, halafu anaifuata njia yake yote, bila kuruka. Basi alipanda nyuma akachungulia mdomo wa lile bomba refu lililosimama nyuma ya kichwa cha lori, wenye wavu wa kuzuia takataka. Akatoa chujio akalipigapiga kwenye tairi, vumbi la Usangu likatutia sote kikohozi. Akarudisha, akawasha, akatega sikio, akatikisa kichwa. Akafungua bomba linaloingia kwenye turbo, akakizungusha kile kigurudumu kwa kidole, akakisukuma huku na huku kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Mwisho akalowesha kipande cha sabuni, akapaka povu kwenye viungo vya mipira inayopeleka hewa kwenye injini, akaniambia nipande nikanyage mafuta.

Nilikuwa sijawahi kukanyaga kitu chochote zaidi ya baiskeli. Nilivua viatu nikapanda.

"Kanyaga, mama! Haiumi!"

Nikakanyaga. Injini ikanguruma hadi meno yangu yakatetemeka, na yeye huku chini akapiga kelele za furaha. Kwenye kiungo kimoja povu lilikuwa linavimba na kupasuka. Klampu, ile pete ya chuma inayobana mpira, ilikuwa imelegea, hewa ilikuwa inatorokea hapo. Akaikaza, akaniambia nikanyage tena, na safari hii nikausikia mluzi, mwembamba, ukipanda juu ya kelele zote. Tangu siku hiyo sikuwahi kuupoteza. Lori lake likiingia mtaani kwetu nilikuwa najua kabla ya majirani. Tuliendelea na safari tumechafuka wote wawili, tunakula nyanya za mama mkwe bila hata kuziosha, na sikumbuki siku nyingine tuliyofurahi namna ile.

Mtu huyuhuyu aliyeweza kuisikia klampu iliyolegea hakusema lolote juu ya tumbo lake. Nikimkuta ameshika ubavu alisema ni chakula cha mahotelini. Alikuwa anakunywa maziwa na kuendelea. Ukweli hadi leo jambo hilo linanikasirisha, nikiwa nafua au nachambua mchele, linakuja tu na ninakasirika na marehemu kana kwamba amekaa pale kwenye kigoda.

Wakati wa mavuno ya maharage nilienda Iringa kumsaidia mama yangu shambani. Mume wangu alikuwa anatoka Dar es Salaam na lori tupu, anakwenda kupakia shaba. Maumivu yalimshika kwenye mlima wa Kitonga. Aliendesha hivyohivyo hadi Ipogolo, akaliegesha lori vizuri karibu na daraja lisimzuie mtu, akaupanda mlima wa mjini kwa miguu mpaka hospitali. Nilipofika alikuwa ameshalazwa, rangi yake imebadilika. Neno la mwisho aliloniambia lilikuwa swali, kama lori limefungwa. Nikamwambia limefungwa. Nilikuwa sijui kama limefungwa au halijafungwa.

Mama mkwe alikuja kwa basi pamoja na baba mdogo, yaani mdogo wake baba mkwe, mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo tangu baba mkwe afariki. Walimkuta kijana wao bado anapumua, lakini hakufungua macho tena. Baba mdogo alinipa mkono wa pole, kisha akaniuliza jambo ambalo lilinionyesha mapema msiba huu utaelekea wapi.

"Wewe ulikuwa huku unafanya nini?"

"Nilikuja kuvuna na mama, baba."

"Mumeo anajua?"

Nikamwambia anajua. Akaitikia "haya" ile ya mtu ambaye hajakubali. Mwanamke asiye na mtoto, mume anafia mji wa kwao mke, na mke yuko kwa mama yake siku hiyohiyo. Hata mimi, ningekuwa mgeni, ningejishuku.

Siku ya tatu alikata roho. Madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao: mwenzao akifa, anarudishwa kwao na gari lake mwenyewe, na anayeliendesha ni rafiki yake. Wenye lori walikubali, maana lilikuwa linaelekea hukohuko. Rafiki yake mmoja aliyekuwa ananiita shemeji akashuka kwenye lake akashika usukani. Jeneza liliwekwa nyuma, limesogezwa mbele kabisa hadi kugusa kichwa cha lori, ili lisipigwe na upepo. Wanaume wakafunga matawi mabichi mbele ya gari, kama ifanywavyo, ili kila tutakayekutana naye ajue tumebeba msiba atupishe. Mama mkwe akasema mbele hakutoshi, mwanawe awe na majani na kichwani pake. Akachana upindo wa kanga yake, akapanda mwenyewe, akafunga matawi ya mkaratusi kwenye lile bomba lililosimama pale nyuma ya kichwa cha lori. Alifunga taratibu, akiyapanga majani kama mtu anayemvalisha mtoto.

Mimi nilifunikwa shuka jeusi nikakalishwa upande wa kichwa cha jeneza. Kwa ukoo ule mjane hasemi. Tangu maiti anyanyuliwe mpaka udongo uanguke, mjane analia tu, na akiulizwa anaitikia kwa kichwa. Anayefungua mdomo anahesabika kuwa msiba haukumuuma. Nililijua hilo na niliona ni sawa tu, sikuwa na la kusema.

Tulitoka Ipogolo asubuhi. Pale tulipoanza kuupanda mwinuko wa kwanza nilitega sikio bila kukusudia, ndiyo mazoea, na sikusikia mluzi. Gari lilivuta kwa shida. Nyuma yetu moshi ulitanda mweusi barabarani, na akina mama waliokuwa nasi wakatazamana.

Mafinga tulisimama, rafiki yake akafungua chujio akalikung'uta, akashikashika mipira yote. Makambako, kwenye ule upepo wa baridi unaokata masikio, alifanya hivyohivyo tena. Nilimsikia akimwambia baba mdogo, "Mzee, hii gari iko sawa. Kila kitu nimeshika. Hata mi sielewi." Gari likiwa limesimama kila kitu kilikuwa sawa. Likianza kupanda, linalegea. Kushuka kwenda Igawa tulikwenda vizuri, na watu wakashusha pumzi, lakini baada ya Igurusi barabara inapoanza kurudi juu, uzito ule ukarudi. Lori tupu, watu wachache na jeneza moja, na mabasi yanatupita kama tumesimama. Nikaanza kusikia yale maneno, kwanza kwa kunong'ona, halafu wazi. Amekataa. Hataki kwenda.

Chini ya Mlima Nyoka lori likazima. Kwao tulikuwa tunakuona, ile miteremko ya kijani juu ya Uyole ambako kaburi lilikuwa limeshachimbwa na watu wanatungoja.

Mama mkwe akaomba wote washuke isipokuwa mimi, kwa kuwa mjane hatoki kwenye maiti. Akapiga magoti kwenye mbao za lori akaweka kiganja juu ya jeneza. Aliongea Kisafwa, lugha ambayo nilikuwa naijua nusu, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ya nyumbani. Alimwambia kwamba watu wameshapika. Alimwambia dada zake wamefika. Akamuuliza nani amemuudhi. Akamuuliza na jambo jingine ambalo sikulielewa, akalirudia. Kisha rafiki wa mume wangu akawasha gari, likasogea hatua chache, moshi ukafunika barabara, likazima tena. Mama mkwe akalia kwa sauti na kusema, "Nimesikia, baba. Nimesikia."

Baba mdogo akapanda. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na sidhani kama alifurahia kazi ile. Akasimama mbele yangu.

"Mama, mwenzio amekataa kwenda. Mtu hakatai hivihivi. Kama kuna jambo mligombana, kama kuna kitu ulitenda, hapa ndiyo mahali pake. Desturi inakuruhusu kuongea hili moja. Sema, umuombe msamaha, twende. Usiposema hatutakuingiza nyumbani kwetu."

Watu walikuwa wamekusanyika pembeni mwa lori, na wengine ni wapita njia tu, wametoka mashambani na majembe yao begani, wanasubiri kusikia mke wa dereva alifanya nini.  Nilijua vizuri kilichokuwa kinanisubiri: nikikiri, hata kosa la uongo, nitakuwa mwanamke aliyemuua mumewe maisha yangu yote, nikikataa, nitashushwa pale barabarani, na mume wangu atazikwa bila mimi. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakakauka. Nilitikisa kichwa. Baba mdogo akasema wajaribu gari mara moja zaidi, na kama likikataa nishuke.

Rafiki yake akawasha. Nilikuwa nimeinua uso kwa ile hasira, shuka limeteleza, na mbele yangu, karibu ya kugusa, kulikuwa na majani ya mama mkwe. Injini ikiwa inanguruma polepole yalikuwa yananing'inia tu. Rafiki akakanyaga mafuta kuondoka, na majani yote yakaruka kwa pamoja yakabandika kwenye wavu wa bomba, bapa, yamebana kama kiganja kilichoziba mdomo wa mtu. Moshi mweusi ukatoka. Gari likafa. Majani yakaachia, yakarudi kuning'inia, hayana hatia yoyote.

Ndiyo maana rafiki yake hakuona kitu Mafinga wala Makambako. Alikuwa anatazama gari lililosimama. Na majani ya msiba nani atayashika?

Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha mkono anishushe. Nikafungua mdomo.

"Baba, si yeye. Ni majani. Yameziba hewa."

 Nilimsikia mama mmoja pembeni ya lori akisema "Yesu wangu, mjane anaongea." Nikaendelea kwa kuwa nilikwishaanza, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwita rafiki yake kwa sauti, nikamwambia, "Shemeji, panda utazame mdomo wa bomba. Mwingine akanyage mafuta, wewe tazama." Hakubisha. Alimjua mume wangu, na alijua mimi ni nani kwenye mambo ya lori lile. Alipanda, akamwambia mtu akanyage, akatazama majani yakiruka na kubandika. Akapiga kofi usoni mwake mwenyewe.

Alipotaka kuyakata alimtazama mama mkwe kwanza.  Mama mkwe akafungua fundo la kanga yake kwa mikono yake, akayashusha yale matawi, akayalaza juu ya jeneza. Gari likawashwa, na nikausikia mluzi ukipanda. Mlima Nyoka tuliupanda bila kubadilisha gia mara ya pili, watu wakapiga makofi, hata baba mdogo akajisahau akacheka. Akaniinamia akasema, "Basi tusameheane, mama." Nikaitikia kwa kichwa.

Tulimzika jioni ileile. Nilikaa mahali pa mjane, nikatupa udongo kwa mkono wangu, hakuna aliyenizuia. Wapo waliosema baadaye kwamba nina moyo mgumu, mume yuko kwenye sanduku na mimi nasikiliza injini. Niliwaacha waseme. Sikujutia neno lolote nililosema pale barabarani, na nilikuwa naona nimeshinda.

Siku ya kumaliza matanga wageni waliondoka, na mimi nikabaki jikoni na mama mkwe tunaosha masufuria makubwa ya kuazima. Tangu Mlima Nyoka alikuwa hajaniambia jambo zaidi ya "leta maji" na "keti hapa". Nilidhani amechukia kwa kuwa fundo lilikuwa lake, kwa hiyo nikaanza mwenyewe.

"Mama, yale majani, hakuna ambaye angejua. Hata fundi hakujua."

"Sio majani yanayoniuma," akasema. Aliendelea kusugua. "Mi nilimuuliza mwanangu. Nilimwambia, kama unanisikia, simamisha gari nijue. Akaisimamisha. Nikamuuliza tena, akasimamisha tena. Hospitali nilimuita siku zote zile hakuniitikia, na pale ananiitikia. Nilikuwa nimefurahi, mwanangu. Mimi, na jeneza liko mbele yangu, nilikuwa nimefurahi."

Sufuria likanitoka mkononi likaanguka ndani ya beseni.  Nililopata kumwambia lilikuwa dogo na halikuwa na nguvu.

"Alikuwa anakusikia, mama. Alikuwa anakusikia tu."

Alifuta mikono kwenye kanga, akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa na mtoto.

"Usinidanganye," akasema. "Wewe ndiye unayeijua ile gari."